Glasi ya Alfajiri

Uwanja wa Nachingwea, saa kumi na mbili kasoro.
Umande umelala juu ya mbawa za turubai.
Ndege imenizidi umri. Ikiwashwa hukohoa,
na Fundi Nangomwa huiitikia: "Nakusikia, bibi."

Kabla ya yote, glasi.
Unaikinga chini ya tangi, unafungua koki,
unaiinua kwenye mwanga:
petroli ya samawati juu,
maji chini, yamejikunja kama shanga.
Unamwaga. Unakinga tena. Mpaka iwe rangi moja.

Siku ile tulichelewa. Rubani Akwilini alitazama saa,
mimi nikasema, "Jana ilikuwa safi."
Jana!
Na mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha.

Injini ilizimika juu ya mikorosho ya Naipanga.
Kimya kile nilikisikia nikiwa huku chini,
glasi kavu mkononi.

Akwilini yu hai, anaburuta mguu wa kushoto.
Hajanilaumu hata mara moja,
na hilo ndilo zito.

Siku hizi nikiletewa chai
naiinua kwanza dirishani, nakagua kitako chake.
"Unatafuta nini humo?" mke wangu huuliza.
"Maji."
Hucheka mpaka akatoa machozi.