Ng'ombe Asiye na Nundu

Mwalimu Sugiura alipomaliza mkataba wake Nyegezi
aligawa vitu: jiko la mafuta kwa jirani, baiskeli kwa mlinzi,
na mimi, niliyefeli hesabu zake mara tatu,
akanipa karatasi iliyoviringishwa ndani ya gazeti.

Ng'ombe mwekundu, kichwa kinaning'inia kwa uzi.
Ukikigusa, alisema, huitikia ndiyo, ndiyo,
hadi uchoke wewe.
Mwanasesere wa watoto wa kwao,
aliyechongwa ubaoni, akapakwa wino, akagandamizwa,
akatufikia bapa kama chapati.
Zamani, kwao, walisema anafukuza ndui.

Baba mdogo Lushinge alimkagua kama yuko mnadani:
"Ng'ombe gani huyu hana nundu?
Hata kwa mahari hapokelewi."
Tukamtundika hivyo hivyo, juu ya mtungi.

Nikaenda Kirumba kwa mafundi mitumbwi,
nikaomba kipande cha mninga.
Patasi yangu msumari wa nchi sita,
nikaunoa juu ya jiwe (Mwanza mawe hatukopi).
Wino, masizi ya karabai za wavuvi wa dagaa,
yamekorogwa na uji wa muhogo.

Nilimtaka wa kwetu,
wa udongo wa ufukweni, wa vidole vya Kasoga,
aliyefinyanga zizi zima kabla jua halijakolea:
madume, mitamba, ndama wa kimo cha kidole gumba.
Aliwachunga kwa njiti ya kiberiti,
akiwapigia mluzi.
Wakikauka wanapasuka. Mvua ikija wanarudi matope.
Mmoja tu alisalia, ndani ya kopo, chini ya kitanda cha mama,
pembe moja imevunjika,
tangu mwaka ule wa surua.
Hatukumtaja. Mama akifagia, ufagio ulilizunguka kopo.

Nami sikulifungua. Nilichonga kwa kumbukumbu.

Ubao una adabu zake: unachokitaka hukigusi,
unakata kisichokuwa yeye.
Siku tisa nilikata hewa iliyomzunguka.
Nikaacha nundu. Nikaacha mkunjo wa shingo,
na ubavuni, alama ya kidole
iliyokauka pamoja naye.

Nikapaka wino, nikalaza karatasi,
nikaisugua kwa mgongo wa kijiko, nikabandua.

"Huyu sasa anauzika," akasema Lushinge.
Mama akaja, magamba ya sato mikononi,
akatazama muda mrefu kuliko ugali ulivyoweza kuvumilia jikoni.

"Pembe," akasema. "Iliyovunjika ni ya kushoto."

Nilisahau: ubao hugeuza.
Mwalimu alinionya, na hilo nalo nikalifeli.

Nikanyoosha mkono niichane karatasi. Akanishika.
Akaibandika kwa tonge la ugali
kando ya yule mwekundu,
kisha akarudi jikoni kukwangua ukoko,
kwa nguvu, kwa muda mrefu.

Alfajiri nilikuta kopo mezani,
kifuniko kando.