Kushuka ni Bure

Lifti yetu pale Gldani, mlango wa tatu,
hula sarafu.
Unaitia tetri ishirini kwenye kitundu,
unaisikia ikianguka, tii,
halafu sanduku linajikuna, linakohoa, linapanda.
Kushuka ni bure.
Murman wa chini kabisa husema hata maisha yako hivyo,
ila Murman mwenyewe hajawahi kupanda popote.

Ufunguo wa kisanduku cha sarafu ninao mimi, Tsiala.
Husemwa asiyekuwapo na lake halipo;
mimi sikuwapo mkutanoni, nilikuwa na homa,
nikapewa la wote.
Basi kila mwisho wa mwezi
namwaga chuma juu ya gazeti, nahesabu:
hii ya fundi, hii ya grisi,
hii ya balbu ya ghorofa ya nne
inayoibwa kila ikiwekwa.

Oktoba, katikati ya sarafu, kifungo.
Cheusi, cha koti, kizito,
matundu manne na uzi ungali ndani.
Nikacheka. Nikawashuku watoto wa Vazha.
Novemba, viwili.
Desemba, vitatu, na sikucheka,
maana nilikigeuza kimoja kwenye mwanga wa dirisha
nikaona ukingo wake umemeguka,
nikakikumbuka.

Miaka ile ya giza, foleni ya mkate ikizunguka jengo,
tukisimama tangu usiku wa manane,
Shalva alifungua koti lake
akamfunika mwanangu humo humo, kama kuku na kifaranga.
Mtoto akakitafuna kifungo hadi alfajiri.
Jino lake hilo.

Shalva tumeshamzika.
Koti analivaa Lamara, mkewe, ghorofa ya nane.
Pensheni yake naijua, sote twaijua:
nusu gesi, nusu vidonge vya presha,
na mwezi haujafika hata ishirini.

Nikatia tetri zangu mahali pa vifungo.
Nikafunga hesabu. Nikafunga mdomo.

Januari tukakutana uani, theluji mpaka kwenye vifundo vya miguu,
moshi wa tanuri la mkate ukitupita puani.
Tukasema habari ya bomba.
Tukasema habari ya gari la Vazha juu ya vitunguu vya Nestan,
Nestan akalia kidogo, si kwa ajili ya vitunguu.
Tukasema habari ya mbwa.
Kisha Murman akatoa mkono mfukoni:
“Fundi ameniambia. Kuna mtu anailisha lifti vifungo.
Tuweke kamera.”

Kila mtu akatazama koti la jirani yake.
Lamara alikuwa amesimama nyuma,
kifua kimefungwa kwa pini nne,
anamtazama mbwa mwenye kibandiko sikioni
kana kwamba ndiye mwenye hoja.

“Ni mimi,” nikasema. “Macho.
Sioni vizuri, nachanganya.”

“Mweka hazina kipofu!”
Wakacheka mpaka mbwa akabweka.
Wakanitoza lari tano, na risiti nikajiandikia mwenyewe.

Sasa Lamara anapanda kwa miguu.
Namsikia: kituo cha kwanza ghorofa ya tatu,
cha pili hapa kwangu, ya tano,
kiganja kwenye ukuta, pumzi kama msumeno.
Habishi hodi.
Vifungo sita viko kwenye kibakuli cha chumvi,
sindano nimeitunga uzi tangu juzi.

Leo nikafungua mlango kabla hajaondoka.
Mfuko wa mkate mkononi, bado wa moto,
uso ameuelekeza juu, ngazi za juu.

“Unapanda, Lamara?”

Akajishika pini ya kwanza, ya pili.

“Hapana, Tsiala,” akasema.
“Nashuka.”