Kiti cha Kumi na Tano

Mimi ni kumi na nne, Gizela ni kumi na tano,
jukwaa la mashariki, chini ya bati lenye tundu.
Miaka thelathini na moja mvua ya Rudnica
imetudondokea kwa zamu: leo bega langu, kesho lake.
Timu imeshuka daraja mara mbili, ikapanda mara mbili,
ikafilisika mara moja, tukaichangia
kwa ndoo ile ile ya kubebea makaa.

Dorian alizaliwa Jumanne. Jumamosi
Gizela alikuwa kitini, mtoto ndani ya koti,
skafu ya kijani na nyeusi imewazunguka wote wawili
kama kitovu ambacho mkunga alisahau kukikata.
Hapa ndipo alipoota meno.
Hapa aliokota mipira nyuma ya goli,
na hapa, akiwa na miaka kumi na saba,
mkurugenzi mwenye viatu vya kung'aa alimpima kwa macho,
akasema: mfupi. Si kipa huyu.

Akaondoka.

Leo amerudi na jezi ya njano ya watu wa pwani ya kaskazini.
Mechi ya mwisho. Sare ingetuokoa,
na tuko nyuma kwa bao moja la kizembe.
Jukwaa zima linamwimbia: mkataa kwao mtumwa!
Nikamtazama Gizela kwa pembe ya jicho.
Naye alikuwa akiimba.
Si kwa nguvu. Lakini midomo ilikwenda,
na maneno yote aliyajua.

Dakika ya tisini na tatu, penalti. Yetu.
Watu wakakumbatiana kabla ya wakati.
Mimi nikatamani ningekuwa nimekata tiketi upande wa pili,
mbali na bega hili.
Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, sawa.
Na uchungu wa timu,
huo nani aliuzaa, nani aliunyonyesha?
"Ee Mungu," alisema Gizela. "Ee Mungu."
Kisha akanyamaza,
kama mtu aliyepanga foleni posta tangu asubuhi,
akafika dirishani, akasahau barua ni ya nani.

Kubala akaweka mpira. Akarudi hatua nne.
Akaupiga juu, kwenye pembe ile
ambayo mtu mfupi hafiki.

Akafika.

Nimefanya kazi chini ya ardhi miaka ishirini na sita.
Naujua ukimya unaotangulia mwamba kuanguka.
Huu ulikuwa ule mwingine, wa baada,
mnapoanza kuitana majina gizani.
Filimbi. Tumeshuka.
Gizela akavua skafu, akaikunja mara nne mapajani,
akailainisha kwa kiganja kama nguo ya kanisani.
Akaikunjua.
Akaivaa.

Nje, basi la wageni lilikuwa limeshawashwa.
Dorian akashuka, nywele mbichi, macho chini.
Mama yake akatoa mfukoni kifurushi cha karatasi ya fedha,
nyama ya kukunja na kabichi nyekundu, bado ina joto;
tangu alfajiri aliibeba kiunoni, na hakuniambia.
"Hii ni ya mwanangu," akasema.
"Yule kipa sikumpikia."
Sijui kama kijana alicheka au alilia.
Nilikuwa nikihesabu tairi za basi.
Ni sita.

Jumatatu, dirisha la tiketi, baridi ya kukata masikio.
Nilidhani nitakuwa wa kwanza.
Nikaikuta ile skafu mbele yangu.
Karani, kijana mgeni, akamuuliza:
kiti kile kile, mama, au tubadilishe?
Akamtazama kama mtu aliyeulizwa
kama angependa kubadilisha magoti.

Mimi nikauliza habari ya bati.
"Kwa daraja hili?" karani akasema. "Halizibwi."

"Vizuri," akasema Gizela, akihesabu chenji.
"Maana zamu ni yako."