Betri Juani

Saa nne na dakika kumi na mbili, Kidia,
redio ya Shangazi Aikande ilikata roho
katikati ya bei ya kahawa.
Msomaji alifika "kilo moja kwa shilingi"
kisha shhh, kama mafuta ya moto yaliyodondokewa na maji,
kisha hata shhh ikafa.

Akaipiga kofi mgongoni. Akavuta antena.
Akamlaani muuza betri wa Kiborloni, yeye na duka lake.
Akazitoa, zote nne, akazianika juu ya bati
zipate nguvu,
akarudi chanjani kugeuza buni kwa viganja.

Mimi nilikuwa ngazini, simu mkononi,
namlinda mstari mmoja mwekundu
uliolala siku tatu kama mjusi ukutani.
Ghafla ukapanda. Ukapanda,
ukapita kila alama niliyoizoea.
Huko juu, kilomita elfu thelathini na sita,
jicho lisilo na kope, lisilojua wingu la Kibo,
lilikuwa limeona ubavu wa jua ukipasuka
kando ya madoa mawili meusi;
dogo kati yao lingetumeza
na mlima wetu, na bahari zote, kama punje.
Jicho halikupiga yowe. Liliandika namba.

"Shangazi, betri hazina kosa. Jua limelipuka."

Akainua kiganja pajini, kinanuka maganda ya buni.
Jua lilikuwa palepale juu ya migomba.
"Hili?"
"Hilo."
"Mbona halijatikisika?"

Nikampa picha. Akacheka: nani kalipaka kijani?
Rangi ya kuazima, nikasema,
kwa nuru ambayo macho yetu hayakupewa.
Akauliza kama jicho hilo haliumwi.
Nikaanza habari za miaka kumi na mmoja,
jinsi linavyochemka, linavyopoa, linavyochemka tena,
akanizuia kwa kidole.
Alikuwa anahesabu:
mwaka baba yangu alipong'oa mibuni apande nyanya,
mwaka mfereji ulipokauka,
mwaka wa harusi yake.
Vidole vikamwishia. Alichopata hakusema.

Baadaye, akiokota punje mbovu:
"Bibi yako alikuwa na neno moja tu, Ruwa,
kwa hili linalotukaushia na kwa Yule tunayemwomba.
Hakutuambia kuwa halibadiliki.
Alituambia tusilikodolee."

Saa tano kasoro robo
mstari mkononi mwangu ulikuwa unateremka
polepole, kama mtu aliyeshiba ugomvi.
Shangazi akapanda kigoda, akazitwaa betri batini,
za moto kama mayai ya kuku anayeatamia,
akazipachika moja moja.
Redio ikakohoa. Ikasema.
Ilikuwa mpira sasa; bei ya kahawa imeshapita.

Akanigeukia, mikono kiunoni.
"Unaona? Zilitaka jua tu."