Kakule na Vyombo Viwili

Kitabu kinasema mtoto wa miaka mitano
hudanganywa na umbo la chombo:
mimina maji ya kopo pana katika chupa nyembamba,
yakipanda juu, ataapa yameongezeka.
Nimepigia mstari. Keshokutwa ni mtihani.

Nikamwita Kakule, ametoka Kituku sasa hivi,
bidoni ya lita tano imemlowesha bega,
vumbi jeusi la mawe limemfika magotini.
"Kaa hapa. Tazama vizuri."
Nikamimina polepole, kwa heshima ya sayansi.
"Haya, maji mengi yalikuwa wapi, yako wapi?"

Akanikazia macho kama mtu anayedaiwa deni asilolijua.
"Ni yale yale, Yaya. Si umeyamwaga mbele yangu?
Lakini ya chupa nauza faranga mia,
ya kopo hamsini.
Watu wakubwa wanapenda ndefu."

Nilicheka hadi Mama akauliza kuna nini.

Darasani profesa alifuta miwani kwa tai:
"Mtoto mmoja si nadharia, Masika."
Sawa. Ila yule bwana wa ng'ambo, nimesoma,
naye alianza na wanawe watatu, nyumbani kwake,
na hakuna hata mmoja aliyekuwa akiuza maji.

Ngazi si ngeni kwetu. Tunazaliwa tumehesabiwa:
Kambale wa pili, Kasereka wa tatu,
Kakule wa nne, hata kama aliyemtangulia hakudumu.
Kitabu kinamweka ngazi ya pili.
Jina lake lilishampandisha mbili zaidi
kabla hajaota jino.

Kuna sura ya mtoto mchanga na kitu kilichofichwa.
Funika njuga kwa kitambaa: wa miezi minne husahau,
wa mwaka mmoja hufunua, atafute,
kwa kuwa ameshajua kisichoonekana kipo.
Niliisoma mara mbili, kisha nikamtazama Mama
akiweka sahani ya nne mkekani.
Baba alikwenda Walikale kuchimba, mvua tatu zimepita.
Mama amefaulu somo hilo kuliko sote.
Hakuna sura inayoeleza namna ya kulisahau.

Na ile ya miaka kumi na mitano, ambapo kijana
hujiuliza *mimi ni nani*,
hujaribu nywele, marafiki, dini, hasira.
Mwaka wangu wa kumi na tano mlima ulipasuka.
Barabara ya Sake ilijaa magodoro yenye miguu.
Kakule alikuwa na miezi minne, mgongoni kwangu,
amelala usingizi wa mtu asiyedaiwa,
na kitabu kinasema hapo ndipo mtu hujifunza kuamini dunia:
joto la mgongo, ziwa, joto la mgongo.
Basi yeye alisoma ngazi yake juu yangu.
Yangu sijui niliiangusha wapi,
labda karibu na Mubambiro, tulipotupa sufuria.
Swali nililiokota baadaye, nina miaka kumi na tisa,
kwenye fomu ya kujiandikisha chuoni.
Nilijaza kwa herufi kubwa.

Usiku umeme umekatika. Nasoma kwa tochi ya simu.
Kakule, mfanyabiashara wangu, amejikunja chini ya kitenge,
anatazama dirishani, wingu lile jekundu juu ya Nyiragongo.
"Yaya."
"Lala."
"Mlima unatuona?"

Ukurasa wa arobaini na mbili: katika umri huu
mtoto huvipa uhai vitu visivyo na uhai,
jua humfuata, mawe huumia, mwezi hukasirika.
Kweli tupu. Ningemwandikia profesa: huyu hapa,
mtoto wako wa kitabuni, nimempata.

"Hauna macho," nikamwambia.
"Basi unajuaje njia ya kuja mjini?"

Nikazima tochi.
Nina miaka ishirini, nipo ngazi ya mwisho ya akili,
ile ya kufikiri bila kushika kitu.
Nikangoja apumue kwa uzito,
kisha nikalivuta godoro letu, taratibu,
karibu zaidi na mlango.