Aliye Juu

Mwaka ule Gyumri umeme ulikuja saa moja kwa siku
na haukusema saa ipi.
Tuliishi ndani ya kontena la chuma.
Nyumba yetu ililala na tetemeko, haikuamka.

Satenik wa kontena la saba alikuwa na runinga.
Usiku wa fainali tulijazana kwake watu kumi na tisa.
Mjomba Vahram akachomoa pasi, jiko, hata balbu.
"Wote apewe Zabel," alisema,
kana kwamba umeme ni supu
na binti yule hajala.

Na kweli hakuwa anashiba. Tulimjua.
Alifanyia mazoezi ghala la kiwanda cha soksi,
madirisha bila vioo,
glavu mkononi hadi zamu yake ifike,
kisha juu ya boriti yenye upana wa kiganja,
pumzi ikimtoka kama mvuke wa birika.
Nilikuwa na miaka tisa, nikichungulia.
Mchana mmoja nilimwona akianguka mara sita.
Baada ya ile ya sita alijipaka chaki
taratibu, kidole kwa kidole,
kama mtu anayempaka mtoto mafuta.
Sijui kwa nini hilo ndilo lililonishika.
Wengine walipenda misarakasi.

Saa tatu kasorobo, umeme ukaja.
Tukapiga kelele. Tukanyamaza.
Huyo hapo, mdogo, wa kijivu, katikati ya chenga,
anatembea kwenye boriti
kama anayevuka chumba cha mgonjwa.
Hatua mbili za mbio, mikono chini, miguu juu,
akajirusha,
magoti kifuani, mzunguko mmoja, wa pili

na umeme ukakatika.

Tukabaki roho juu.
Yeye pia.

Gazeti lilifika siku ya nne: dhahabu.
Satenik alichinja kuku wake wa mwisho.
Nilikata picha, nikaibandika kwa uji wa ngano
ndani ya mlango wa kabati.
Lakini picha ilikuwa ya medali na maua.
Haikuonyesha miguu ikigusa chini.

Kwa hiyo kwangu hakushuka.
Nilifeli hesabu, yuko juu.
Nikalinda mpaka kwenye theluji, yuko juu,
amejikunja kama ngumi.
Nilipomzika mama nilitazama angani,
na nisiseme uongo, haikuwa sala.

Watu husema aliye juu mngoje chini,
na husema wakicheka upande mmoja wa mdomo.
Mimi nilingoja kweli.
Kama ningeweza ningetandika godoro.

Siku hizi nasoma mita. Za umeme, naam.
Mke wangu anasema ni sadfa.

Februari hii nilipewa mtaa mpya,
ghorofa ya tatu, lifti mbovu.
Mlango ukafunguka: Zabel Terzyan,
slipa za sufu, miwani kwenye kamba,
bandeji gotini.
Miaka thelathini ya maneno, nami nikasema:
"Mita."

"Iko kule, nyuma ya jemu."
Kabla sijanyoosha mkono alishapanda kigoda,
anasogeza mitungi ya aprikoti,
ananisomea namba moja moja,
mguu mmoja tu umekanyaga,
ule mwingine unaelea nyuma yake, umenyooka,
umesahau umri.

Kisha akaruka.

Sentimita arobaini, labda arobaini na tano.
Visigino vilishikana. Magoti yalikunjika kidogo tu.
Mikono ikapanda yenyewe, kidevu kikafuata,
na sakafu ya jikoni ikatoa sauti moja,
moja,
fupi.

Taa haikuzimika.

"Usimwambie daktari wangu," alisema,
amelishika goti, anacheka.
Nikaitikia kwa kichwa.
Akanipa mtungi wa jemu, nikaupokea kwa mikono miwili.

Ngazini nilifungua daftari.
Mahali pa namba palikuwa peupe.

Itabidi nirudi.