Senti Kumi

Nilipoufungua mgongo wa kabati
walimwagika kwanza sami wakavu, wepesi kama maganda ya kitunguu,
kisha kiota cha nyigu juu ya transfoma,
kisha risiti ya Kibuye, wino umekwisha.

“Usinifanyie jipya,” alikuwa amesema Mama Nereah Agutu.
“Nifanyie liseme.”

Kapasita zilikuwa zimelia nta.
Nikazing’oa. Zile mpya nikazificha
ndani ya maganda yale yale ya zamani:
majivuno yangu tu, nani atachungulia huko?

Valvu moja ilikuwa imekufa. Wiki tatu nikaisaka pacha wake,
hadi Luanda, kwa Kegode muuza vyuma,
akaitoa ndani ya soksi.

Na kwenye mkono wa sindano, senti kumi, ile ya tundu,
imefungwa kwa uzi mweusi.
Nikaukata uzi, senti nikaitupa koponi.
Uzito ule hukwangua santuri; kila fundi anajua.

Jumamosi, Kaloleni, nikawasha. Tukangoja.
Hizi hazikurupuki, hupasha koo kwanza.
Valvu zikaiva rangi ya papai,
gitaa likaingia, zima, limelowa,
na kabla ya kiitikio
sindano ikaruka.
Ikaruka.
Ikaruka.

“Iko wapi senti ya Olwande?”

Nikaanza kumweleza habari za gramu na mifereji.
Akanyoosha kiganja, basi.

Sasa napiga baiskeli jua la saa saba
kurudi kibandani, kukoroga kopo la misumari
nikitafuta tundu.